Kompresa ya lori kuukuu kutumika gereji

Kaka wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, uliyeuliza kama kompresa ya breki iliyotoka kwenye Scania la zamani inaweza kujaza upepo gereji: inafaa kabisa. Ila ukiifunga kwenye mota na mkanda tu, ukawasha, utaiua mapema. Kwenye lori ilikuwa inalishwa oili na injini kwa presha, kisha oili inarudi sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ukiing'oa, umeikatia chakula. Ziba tundu la chini, itengenezee sampu yake ndogo, halafu chomelea kijiko cha bati nene kwenye kifuniko cha konrodi (mkono unaosukuma pistoni) kiwe kinachota na kurusha oili kila mzunguko. Kichwa cha kompresa kikiwa na njia za maji, unganisha mipira miwili kwenye pipa dogo lililoinuliwa juu yake. Maji yatazunguka yenyewe yakipata moto.

Tangi la upepo chukua la lori hilohilo, lenye koki ya kumwaga maji chini. Mtungi wa gesi ya kupikia achana nao, hata fundi akikuapia. Valvu ya usalama ni lazima, na presha isizidi ile iliyoandikwa kwenye tangi.

Kupulizia rangi? Bila chujio la oili na maji, usithubutu, bodi itajaa madoa.

Halafu Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi. Tangi likichelewa kujaa kuliko la mwenzako wa Dar, usianze kufungua ringi za pistoni.