Mdogo Wangu wa Kilwa, Safari Inaanzia Matopeni

Juzi nimepata ujumbe wa binti wa kidato cha pili, Kilwa Masoko. "Kaka, shikamoo. Na mimi ni skauti. Nifanyeje nisafiri nje kama wewe?" Nimeusoma mara tatu.

Marahaba, mdogo wangu. Mimi sikuanzia kwenye ndege, nilianzia matopeni, Mikindani, kule Mtwara. Mwaka 2017 kundi letu lilipanda mikoko kwa mara ya kwanza. Ari tulikuwa nayo, bahari hatukuijua. Tuliokota mbegu za mkoko, zile ndefu mithili ya maganda ya mlonge, tukazichomeka mbele kabisa panapopigwa na mawimbi. Pale ni pa mlilana, aina nyingine ya mti wa jamii ya mikoko; mkoko wenyewe hukaa nyuma yake. Lilipokuja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, halikubakiza hata moja. Mzee mmoja mvuvi alitukuta tunaziokota ufukweni, akasema, "Wanangu, mti nao una kwao." Akatuonyesha tope laini la ndani. Tukapanda upya, mbegu hadi mbegu hatua moja, theluthi yake ikizama chini. Leo hiyo mikoko imenipita kimo na kaa wanapanda kwenye mizizi yake. Katika maisha yangu sijafanya kitu kinachonipa fahari kama hicho.

Mwaka 2019 jamborii ya dunia, ile kambi kubwa ya maskauti wa nchi nyingi, ilikuwa West Virginia, Marekani. Nilikuwa na miaka 16 na jina langu lilikuwemo kwenye orodha. Lakini cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, nilikuwa na kadi ya kliniki tu, na bila cheti pasipoti huipati. Baba naye alikuwa akingoja malipo ya korosho, na msimu ule yalichelewa. Nafasi yangu akapewa mwingine. Hakuna aliyeniita akaniambia. Nilikuja kuona picha za wenzangu wako uwanja wa ndege, kwenye simu ya dada, nami nimevaa skafu yangu tayari kwenda kwenye miche. Iliniuma, na bado inaniuma. Kiongozi unayesoma hapa, mtoto akikosa nafasi muite, mkalishe, mwambie mwenyewe kwa mdomo wako.

Miche sikuiacha. Ulipokaribia mwaka 2023, mwaka wa jamborii ya Korea Kusini, nilikuwa nimeshavuka umri wa washiriki, ambao ni miaka 14 hadi 17. Niliomba kwenda kama mtoa huduma. Kwenye usaili niliulizwa, "Kwenu umefanya nini?" Nikafungua daftari langu: tarehe, maji yalivyokuwa, mbegu zilizopandwa, zilizokufa. Walikaa sana kwenye ukurasa wa zilizokufa, wakitaka kujua tulijifunza nini.

Kambi ilikuwa Saemangeum, ardhi iliyopatikana kwa kuizuia bahari kwa ukuta wa kilomita 33 hivi. Zamani palikuwa na tope la pwani, ndege wakila pale maji yakipwa. Tulikuwa zaidi ya 40,000, na kivuli cha mti hakuna. Jua lilituchoma, vijana wakaanguka kwa joto, maji ya mvua yakatuama kwenye kambi. Kisha kikaja kimbunga Khanun, tukahamishwa kwa mabasi kabla ya siku zetu kwisha. Usiku ule ndani ya basi nilimfikiria yule mzee wa Mikindani, nikatamani angekuwa amekaa kiti cha pembeni.

Basi sikia, mdogo wangu. Jamborii ijayo ni mwaka 2027, Gdańsk, Poland. Piga hesabu ya umri wako leo. Kesho mwambie mama mfuatilie cheti cha kuzaliwa, msingoje tangazo la safari. Pesa zianze kuwekwa msimu huu wa korosho, kidogo kidogo. Na uwe na daftari. Narudia, uwe na daftari. Vijana wengi tunataka bendera begani na picha za ughaibuni, lakini kuvua viatu tuingie topeni hatutaki. Skauti aliyeapa kutunza viumbe hai hawezi kuipita fukwe yenye mifuko ya plastiki kana kwamba haioni.

Bamvua lijalo linaangukia Jumamosi. Maji yakipwa tutakuwa Mikindani tukiokota mbegu. Ukipata ruhusa nyumbani, panda basi la alfajiri na kiongozi wako, mje. Viatu vya kuchafua vipo, daftari uje nalo.