Kopo la mafuta

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Juzi ulinipigia ukiwa kwenye daladala, kelele zikazidi, nikakuambia nitakuandikia. Swali lako nimelishika. Umeshakwenda mafungo mara tatu, kila mara unalia, unarudi mwepesi, na wiki mbili hazijaisha umeshamfokea mumeo na mmenuniana na mkuu wako wa zamu. Sasa parokiani wanaandikisha majina tena. Ukaniuliza, "Mama, hivi mafungo yanambadilisha mtu kweli, au tunakula nauli bure?"

Ngoja nikusimulie mafungo yangu ya kwanza, maana sijawahi kukusimulia yote.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 1998. WAWATA, sisi wanawake Wakatoliki wa parokia yetu, tulikwenda Peramiho kwa watawa Wabenediktini, siku tatu. Mimi nilidhani mafungo ni kufunga kula. Asubuhi tunaletewa uji na maandazi, nikamtazama mwenzangu, naye akanitazama, na kuulizana hatuwezi kwa sababu tumeshaamriwa kimya. Kumbe kinachofungwa ni mdomo, ukae kimya usali! Siku ile nzima sikusali, nakuambia kweli. Nilikaa kwenye benchi nje nikapiga hesabu za duka: funguo nimemwachia nani, nani ana deni la mchele kwenye daftari, gunia la sukari litafika lini. Nikajiona mnafiki. Jioni nikamweleza padre. Akasema nisihangaike kuzifukuza hizo hesabu, niziangalie tu, nione ipi inarudi mara kwa mara.

Lililorudi ni lile kopo.

Nadhani unalikumbuka, lile dogo la bati la kupimia mafuta ya kula, likining'inia kwenye msumari juu ya dumu. Lilikuwa limebonyea kitako. Sikulibonyeza mimi, lilianguka sakafuni siku moja, nikaliokota nikaendelea kupimia. Kipimo kikapungua, labda vijiko viwili, bei ileile. Ungeniita mwizi tungegombana, maana wapo waliokuwa wakibonyeza yao kwa nyundo, na langu lilianguka lenyewe. Miaka sita, mwanangu. Miaka sita nakwenda kitubio, naungama hasira, naungama umbea, na kopo sijalitaja hata siku moja.

Misa ya kufunga wenzangu walilia sana. Mimi macho makavu. Nilikuwa na aibu, na hasira kidogo kwa yule padre.

Habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola nilikuja kuzisoma baadaye, yule ambaye Papa Pius wa 11 alimfanya msimamizi wa mafungo mwaka 1922. Alikuwa askari, mpenda sifa. Mwaka 1521 mzinga ukamvunja mguu vitani Pamplona, huko Hispania. Kitandani akaomba hadithi za mashujaa wa vita, nyumba ile haikuwa nazo, akapewa maisha ya Yesu na ya watakatifu. Basi siku nyingine akawa anawaza ushujaa na wanawake wakubwa, siku nyingine anawaza kuishi kama Mtakatifu Fransisko wa Asizi, yule aliyechagua umaskini. Mawazo yote mawili yalikuwa matamu wakati anayawaza. Tofauti aliiona yakishapita: yale ya kwanza yalimwacha mkavu, haya mengine yalimwacha na furaha iliyokaa. Huko ndiko kilikoanzia kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, mwongozo wa mafungo ya siku thelathini. Na humo anamwonya mwongoza mafungo kwamba mtu akiwaka moto wa sala, asimwache akurupuke kuweka nadhiri. Mzee yule alituona sisi na machozi yetu kabla hatujazaliwa.

Kwa hiyo machozi yako siyadharau, ila usiyatumie kupimia. Wewe unaniambia ulivyojisikia siku ya kutoka na ulivyojisikia baada ya wiki mbili. Hujaniambia ulionyeshwa nini mle ndani, wala ulipofika nyumbani ulikifanyaje. Msome tena Zakayo, yule mtoza ushuru aliyepanda mti ili amwone Yesu. Luka hasemi kama alilia. Anasema alishuka upesi, akamkaribisha Yesu kwa furaha, kisha akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne.

Mara nne mimi nisingeiweza. Jumatatu nilinunua kopo jipya, na mwaka mzima nikawa nalijaza mpaka linamwagika, halafu naongeza kidogo juu. Nikaona bado. Alikuwepo mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, kila jioni anamtuma mtoto na kichupa kununua kipimo kimoja. Nikamfuata kwake, nikakaa kwenye kigoda, nikashindwa kuanza, nikasifia mahindi yake mpaka akacheka. Nilipomwambia, hakushtuka. Akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza, sasa mbona hukuhamia duka jingine?

"Lako lilikuwa karibu. Na ulikuwa unanikopesha."

Akaendelea kupukuchua mahindi yake. Nadhani hapo ndipo mafungo yangu yalipofanyika, si kule Peramiho, ingawa bila lile benchi nisingefika kwenye kigoda kile.

Hasira yangu unaijua, ipo palepale, muulize baba yako. Hata umbea haujaisha, umezeeka tu. Lakini tangu siku ile sijaweza kumpunja mtu nikala nikashiba. Wala sikuhisi mabadiliko hayo yakija. Niliyagundua siku moja napima mchele.

Ukitaka kwenda, nenda, ila safari hii chukua daftari, na usiandike sala nzuri. Andika lile jambo linalorudi ukiwa umekaa kimya. Likiwa ni huyo mkuu wako wa zamu, mwandike. Na kama ruhusa hupati kazini, Inyasi huyohuyo aliwaruhusu watu wenye shughuli kufanya mazoezi yale wakiwa kwao, saa moja na nusu kila siku. Wewe anza na nusu saa, kabla watoto hawajaamka.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kukupigia. Mwaka 1999 uliingia kidato cha pili na sketi ya kidato cha kwanza. Niliteremsha upindo mpaka ukaisha, na mstari wa upindo wa zamani ukabaki unaonekana. Ulirudi shule unalia, wenzako wamekucheka. Nikakuambia biashara ni mbaya.

Biashara haikuwa mbaya, mwanangu. Nisamehe.

Mama yako