Maswali yenu: CT "haina kitu", aspirini, na kinyozi wa shingo

Wiki hii nimechukua ya ajali za kichwa tu, maana inbox imejaa hayo na nusu mnarudia kitu kile kile.

*Dokta, bro wangu alianguka na boda Jumapili, CT ya kichwa wakasema haina kitu tukarudi nae nyumbani. Jumatano asubuhi mkono wa kulia umelegea na mdomo umeenda upande. Walikosea kusoma?*

Inawezekana hawakukosea. CT ya kawaida, ile picha ya mashine ya duara, inaangalia ubongo, mfupa na damu iliyovuja, haikwambii ndani ya mshipa kukoje. Shingo ikivutwa ghafla ukuta wa ndani wa ateri, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, unaweza kuchanika, damu inajipenyeza katikati ya kuta, njia inabana, na pale palipochanika bonge la damu linajijenga taratibu, likichomoka linapanda kwenye ubongo na hapo ndo kiharusi. Ndo maana siku ya ajali mtu anaongea na chai anakunywa, halafu ndani ya siku tatu hivi anaanguka. Kipimo chake ni CT ya mishipa, ile unachomwa dawa mkononi unasikia joto linashuka mpaka unadhani umejikojolea, na picha ianzie kifuani kwenda juu, sio kichwa peke yake. Aliyevunjika pingili za juu za shingo, mfupa wa chini ya fuvu au taya la juu, aliyekabwa na kamba au mkanda, mwenye kope moja imeshuka na mboni ya upande huohuo imekuwa ndogo, wote hao wapigwe picha hiyo hata kama hawalalamiki. Bro wako ameshapooza, mrudisheni LEO, na mapokezi neno la kwanza liwe ajali. Kijana akipooza upande watu wanakimbilia presha au kurogwa, ajali ya juzi hamna anayeitaja.

Na mniache na hizo filamu mnazopiga kwa simu mmezielekeza kwenye taa. Siwezi kusoma mshipa hapo.

*Nimegonga kichwa kinauma, nimeze aspirini?*

Hapana. Sijui nijibu mara ngapi. Kama kuna damu inavuja ndani unaizidishia.

*Mama alipata ajali, anapewa aspirini kila siku kwa ajili ya mshipa wa shingo. Wewe ulisema aspirini mbaya. Nimuachishe?*

Usithubutu! Mnasoma mstari mmoja mnakimbia. Mama kapigwa picha, mshipa umeonekana, wakaangalia na kama kuna damu inavuja kichwani ndo wakaamua, na aspirini yake kazi yake ni kuzuia bonge. Wengine wanaanzishiwa heparini ya drip, nayo ni dawa ya kuzuia damu isigande. Picha ya mishipa hurudiwa baada ya siku 7 mpaka 10, mshipa ukiwa umepona dawa inaweza kusimamishwa, haujapona anaendelea, mara nyingi miezi 3 mpaka 6. Ukuta ukitokeza kifuko kinachokua ndo wanaongelea stenti, kibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa. Anayeamua kuacha ni picha, sio "anajisikia poa".

*Kinyozi wangu akimaliza masaji ananizungusha shingo inalia ka! Ina shida?*

Ina shida. Hatari ni ndogo ila ipo, na wewe ulienda kunyoa. Ateri mbili za nyuma zinapita kwenye vitundu vya pingili za shingo, zikipindwa ghafla zinaweza kuchanika. Phillip Hughes, mcheza kriketi wa Australia, Novemba 2014 mpira ulimpiga shingoni chini ya helmeti, ateri hiyo ikachanika, damu ikajaa kuzunguka ubongo, siku mbili baadae akafariki ana miaka 25. Kinyozi wako hawezi kukupiga hivyo, lakini ukitoka saluni na maumivu ya shingo usiyowahi kuyasikia, kizunguzungu, unaona vitu viwili viwili au unayumba, nenda hospitali, usirudi kwake "akuachie".

*Nilipata ajali mwezi uliopita, jicho jekundu limetokeza, nimemaliza chupa mbili za matone. Usiku nasikia mvumo kichwani.*

Mvumo unaenda na mapigo ya moyo? Basi sio jicho. Ateri nyuma ya jicho imetoboka inamwaga damu kwenye veni, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, na ukichelewa unaweza kupoteza kuona. Chupa ya tatu ikatae. Muombe daktari akuwekee stethoskopu juu ya kope ukiwa umefumba, akiusikia mvumo huo hakuna cha kubishana tena, na asipousikia bado mwambie unataka CT ya mishipa, halafu rufaa kwa wanaopitisha mpira mwembamba pajani mpaka juu kwenda kuziba tundu.