Kabla ya Kuhama kwa Ajili ya Shule Kisumu

Mwaka wa 2018 tulihama Nyalenda tukakodi nyumba Milimani, kwa kodi iliyokaribia mara mbili ya ile tuliyozoea, kwa sababu moja tu: kifungua mimba wetu alikuwa amebakiza mwaka mmoja afanye KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba anayeishi karibu na shule kubwa za mjini ndiye anayefikiriwa kwanza. Barua ya mwaliko ilipotoka, kijana aliitwa shule ya bweni iliyo kaunti nyingine kabisa, nasi tukabaki Milimani na ile kodi.

Kosa lilikuwa langu. Shule ya bweni yenye jina hupokea watoto kutoka pembe zote za nchi. Maseno, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, iko kando ya barabara ya kwenda Busia, lakini mtoto aliyezaliwa na kulelewa pale sokoni hushindania nafasi na wenzake wa Mombasa na Garissa. Makazi huwa na uzito katika shule za kutwa, na huko ndiko mzazi anapopaswa kuelekeza hesabu zake.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 katika mfumo mpya wa elimu, waliochagua shule za Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12) mwaka wa 2025, walijaza shule 12: tisa za bweni, tatu kati yazo zikiwa katika kaunti yao na sita nje yake, kisha tatu za kutwa katika kaunti ndogo ya kwao au wanakoishi. Ni hizo tatu za mwisho ambazo nyumba unayokodi inaweza kuziamua. Wala mpaka wa kaunti ndogo haufuati jina la mtaa. Nyalenda A iko Kisumu Mashariki ilhali Nyalenda B iko Kisumu ya Kati, na Manyatta nayo imegawanyika vivyo hivyo, kwa hivyo majirani wanaochota maji katika kioski kimoja wanaweza kuwa na orodha tofauti za shule.

Sasa binti yetu yuko Gredi ya 8, na safari hii tumeanza na shule ndipo tukatafuta nyumba. Anapenda muziki, jambo ambalo limetupa kazi zaidi ya tulivyotarajia, kwa kuwa shule zenye mikondo yote mitatu ya masomo (ile ya sayansi na teknolojia, ya sayansi ya jamii, na ya sanaa na michezo) ni chache kuliko zenye miwili, na mkondo unaokosekana mara nyingi ni ule wa Sanaa na Michezo. Nimekwenda katika shule nne za kutwa nikaomba kuonana na walimu. Sikuuliza alama za wastani. Niliuliza ni masomo gani hasa yanayofundishwa, nani anayeyafundisha, na kama vyombo vya muziki vipo au vinasubiriwa. Katika shule mbili jibu lilikuwa la kusubiri, nikashukuru na kuondoka.

Njia pia ina neno lake. Mwanafunzi wa kutwa hutoka alfajiri na mara nyingi hurudi giza likiingia, kwa hiyo mimi na mama yake tuliitembea njia hiyo saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Aprili, wakati mto Auji unapofurika na vichochoro vya chini kugeuka matope. Nyumba tuliyoipenda kuliko zote, yenye vigae na maji ya mfereji, ilianguka mtihani huo. Nauli ya tuktuk kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, ingemeza nafuu yote tuliyoiona katika kodi.

Mwenye kuhama na ahame kabla mtoto hajaingia Gredi ya 9, kwa sababu shule huchaguliwa mwaka huo, na baadaye utakuwa ukiomba uhamisho unaotegemea kama nafasi imebaki. Na kabla ya kumlipa mwenye nyumba amana, mpigie hodi mzee wa mtaa umuulize ploti hiyo iko chini ya kaunti ndogo gani. Sisi tuliuliza, tukaambiwa mpaka unapita nyuma ya choo cha jirani.