Mtazamaji wa klipu yako hakujui

Kosa langu kubwa la kwanza kwenye kazi hii lilikuwa neno moja: "lakini". Nilikuwa mhariri wa video katika timu ya mgombea, wiki ya tatu tu kazini. Kwenye mahojiano marefu aliulizwa kuhusu kodi fulani, akajibu kwamba wanaotaka ifutwe wana hoja na uchungu wao anaujua, lakini ikifutwa leo, dawa za hospitali zitanunuliwa kwa fedha ipi? Nikakata kabla ya "lakini". Sekunde zilikuwa zimejaa, na sauti yake pale ilikuwa imeiva. Kufika usiku klipu ilikuwa imevuma, watu wakimpongeza kwa ahadi ambayo hakuitoa. Siku tatu tulikanusha kitu tulichokirusha wenyewe, na kanusho halikufika hata robo ya mahali klipu ilipofika.

Nakusimulia hili wewe unayeanza kwa sababu wengi huingia wakidhani video fupi ni hotuba iliyopunguzwa. Sivyo. Hotuba ina watu waliokuja kumsikiliza mzungumzaji. Hata kurasa za zamani za mitandao zilipeleka ujumbe zaidi kwa waliokwisha kukufuata. TikTok, na baadaye Reels za Instagram na Shorts za YouTube, hupanga video kwa kuangalia mtu amekodolea nini na amepita nini, kwa hiyo klipu yako inamkuta mgeni kabisa, katikati ya mpishi na mchekeshaji. Hajui mgombea ni nani, anagombea nini, wala ameulizwa swali gani. Klipu haina jana wala kesho. Kila kinachohitajika ili ieleweke lazima kiwe ndani yake.

Ukilishika hilo, mengine yanajipanga. Swali liandike juu ya skrini tangu mwanzo. Jina na nafasi inayogombewa viwepo. Maneno yanayosemwa yaandikwe chini, maana wengi hutazama bila sauti, na uyasome mwenyewe herufi kwa herufi. Programu zinazosikiliza sauti na kuandika maneno zenyewe zimewahi kunigeuzia "hatutakubali" ikawa "tutakubali". Salamu ziache. Najua inauma, sisi ni watu wa salamu, lakini "itifaki imezingatiwa" ikiisha, mtazamaji naye ameshaondoka. Anza na jambo lenyewe: "Maji ya bomba yamefika hapa mara mbili mwezi huu."

Kabla ya kurusha, mpe mtu asiye wa timu aitazame mara moja, kisha muulize mgombea amesema nini. Akijibu tofauti na ulivyokusudia, usimweleze. Rudi ukahariri.

Kuhusu kucheza muziki: mzee ambaye hajawahi kucheza asichezeshwe kwa ajili ya kampeni. Watu wananusa. Mwache aeleze bajeti huku akimenya chungwa kama ndivyo alivyo.

Sasa namba. Bosi atakuuliza kila asubuhi tumetazamwa na wangapi, nawe utaanza kuishi kwa hiyo tarakimu. Huko Kolombia mwaka 2022, Rodolfo Hernández, mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyejulikana sana kwa TikTok, alifika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, kisha akashindwa na Gustavo Petro. Mimi nasoma mfano huo hivi: video inaweza kukufikisha mlangoni. Laiki ya mtu asiye na kadi ya kura, au anayeishi jimbo lingine, haihesabiki. Mimi huangalia zaidi maoni. Swali likirudiwa na watu ishirini, hilo ndilo video ya kesho.

Usinunue njia ya mkato. TikTok ilipiga marufuku matangazo ya kisiasa ya kulipia tangu 2019, na kumlipa mtu maarufu akusifie kimyakimya kunaingia humo humo. Nchini Romania, Călin Georgescu aliongoza duru ya kwanza ya urais Novemba 2024 akiwa amevuma mno TikTok. Tarehe 6 Desemba Mahakama ya Katiba ilifuta uchaguzi wote, baada ya nyaraka za usalama kueleza kampeni ya mtandaoni iliyoratibiwa kwa siri. Yeye alikana kosa. Ubishi kuhusu uamuzi ule haujaisha, lakini timu ya mawasiliano haitaki kabisa kuwa ndani ya ubishi wa namna hiyo.

La mwisho ni la kuchosha: tunza rekodi nzima, isiyokatwa, kwa tarehe na mahali. Miezi michache baada ya ile "lakini" yangu, wapinzani walikata maneno ya mgombea wetu kwa makusudi, karibu vilevile nilivyokata mimi kwa uzembe. Safari hii faili zima lilikuwepo. Tuliweka dakika mbili kamili, swali likiwa juu ya skrini, kabla saa moja haijaisha.