Maswali na Majibu: Kaseti, Pedi na Televisheni za Chogo

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu michezo ya video ya zamani na mashine zake. Nimezijibu zile ambazo majibu yake yanaweza kumfaa na msomaji mwingine, nikaziacha zinazouliza konsoli ipi ilikuwa bora kuliko zote, kwa kuwa ubishi huo haujawahi kupata mshindi na mimi mwenyewe nina upande wangu tayari.

Swali: Ndugu mwandishi, utotoni kaseti ya mchezo ikigoma kuwaka tulikuwa tunaipuliza, na ilikubali. Wanangu wanasema huo ulikuwa ushirikina. Nani mkweli?

Wanao wameukaribia ukweli kuliko utakavyopenda. Ndani ya kaseti mna ubao mwembamba ambao ukingo wake mmoja una meno ya metali yaliyopangwa kwa safu. Kaseti za NES, konsoli ya kampuni ya Nintendo, zilikuwa na meno 72 na zile za Famicom, ndugu yake iliyotoka Japani mwaka 1983, zilikuwa na meno 60. Kila jino lazima liguse sindano yake kwenye soketi ya konsoli, na likikosa hata moja lililo muhimu, mchezo hauwaki au unawaka ukiwa na picha zilizovurugika. Walioitengeneza NES kwa ajili ya soko la Marekani mwaka 1985 walitaka ifanane na deki ya video, kwa hiyo kaseti iliingizwa kwa mbele kisha ikabanwa kwenda chini, na mtindo huo ulizilegeza sindano za soketi mapema kuliko ilivyopaswa.

Tena palikuwa na chipu mbili za ulinzi, moja kwenye konsoli na nyingine kwenye kaseti, ambazo kazi yake ilikuwa kusalimiana bila kukoma. Zisiposikilizana, konsoli ilijizima na kujiwasha upya karibu kila sekunde, na ndiyo maana ile taa nyekundu ilikuwa ikipepesa huku sisi tukidhani mashine imekufa.

Kilichoponya, basi, ni kuichomoa kaseti na kuichomeka upya, kwa kuwa kila mara meno yalikaa mahali tofauti kidogo. Pumzi ilipewa sifa isiyo yake, tena iliacha unyevu na chembe za mate ambazo baada ya miaka huwa kutu. Nami nilipuliza sana, kwa hiyo silaumu mtu. Leo chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kichovye kidogo kwenye alkoholi ya aisopropili, kisha usugue meno yale kutoka ndani kwenda nje. Pamba itatoka nyeusi kama imepita kwenye masizi. Badilisha kijiti, rudia mpaka pamba itoke nyeupe, uache pakauke kabisa kabla ya kuchomeka.

Swali: Nimeipata tena konsoli yetu pamoja na bastola ya kupigia bata. Kila kitu kinawaka kwenye televisheni yangu mpya, lakini hakuna bata anayeanguka. Je, bastola imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa. Duck Hunt, mchezo wa mwaka 1984, umejengwa juu ya ujanja ambao televisheni za kisasa haziwezi kuushiriki. Wengi wetu tuliamini kwamba bastola inarusha kitu kuelekea kwenye kioo, kumbe bastola ndiyo inayotazama na kioo ndicho kinachotoa mwanga. Unapovuta kifyatulio, mchezo huufanya uwanja wote kuwa mweusi kwa muda wa picha moja tu, yaani takriban sehemu moja ya 60 ya sekunde, kisha huchora kisanduku cheupe pale alipo bata. Kihisi kilichomo ndani ya mtutu kikiona giza halafu mwanga, mchezo huandika kwamba umelenga. Bata wakiwa wawili, visanduku huchorwa kimoja baada ya kingine, na mpangilio wa wakati ndio unaojulisha ni yupi uliyempata. Ukitazama kwa makini unapofyatua, ule mmweko unauona, ingawa utotoni tulidhani ni moto wa risasi.

Sasa televisheni ya chogo ilichora picha mstari kwa mstari papo hapo ilipopokea mawimbi, bila kutafakari. Televisheni bapa hupokea picha, huikuza, huisafisha, ndipo ionyeshe, na kufikia hapo mchezo umekwisha kuhesabu kwamba umekosa. Isitoshe, kihisi kile kilitengenezwa kiitikie mpigo wa mwanga wa televisheni ya chogo peke yake. Hakuna mpangilio wa menyu utakaotibu hilo. Ukipata televisheni ya chogo nzima, ichukue, ila usiifungue mgongo wake mwenyewe, kwa sababu ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Hilo pia ndilo jibu kwa wasomaji wengine watatu wanaolalamika kwamba picha za zamani zinaonekana kama vigae kwenye televisheni bapa, na kwamba Mario anaruka akiwa amechelewa. Wachoraji wa enzi hizo walitegemea ukungu mdogo wa kioo cha chogo uchanganye rangi zilizokaa jirani. Katika Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari ya wima inayoachana, na ni kebo ya zamani pamoja na kioo cha zamani vilivyoigeuza mistari hiyo kuwa maji unayoweza kuona kupitia kwake. Kwenye kioo kikali cha leo ile ni mistari tu. Kuhusu kuchelewa, washa ile hali ya televisheni iliyoandikwa "Game", ambayo hupunguza hayo mapambo ya picha.

Swali: Nilijaribu Contra baada ya miaka mingi, nikafa mara tatu ndani ya dakika mbili. Je, michezo ilikuwa migumu kiasi hicho, au mimi nimezeeka?

Yote mawili, lakini nikuanzie na la kukufariji. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina ukubwa wa kilobaiti 40, pungufu kuliko picha moja unayopiga kwa simu yako, na nafasi ilibanwa kiasi kwamba mawingu na vichaka vyake ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Wanaoumudu huumaliza kwa chini ya dakika tano. Mchezo mdogo hivyo, kama ungekuwa mwepesi, ungekwisha kabla ya jua kuzama siku uliyonunuliwa. Ugumu ndio ulioufanya udumu mwaka mzima. Aidha, watengenezaji wengi walitokea kwenye mashine za kuingiza sarafu, ambako mchezaji asiyekufa hakuwa na faida kwa mwenye mashine, na mazoea hayo waliyahamishia sebuleni.

Hata wao walishindwa. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alipokuwa akiuandaa mchezo wa Gradius kwa ajili ya Famicom, aliuona mgumu mno kuujaribu, akajiwekea njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Mchezo ulitoka mwaka 1986 ukiwa bado nayo. Katika Contra njia hiyohiyo inakupa maisha 30 badala ya matatu, nami nakuruhusu uitumie bila aibu.

Swali: Pokémon Gold yangu inawaka vizuri, lakini kila nikihifadhi mchezo na kuzima, nikirudi naukuta umefutika. Nifanyeje?

Betri imekwisha. Kaseti za namna hiyo ziliweka kumbukumbu kwenye chipu inayohitaji umeme usiokatika, na umeme huo ulitoka kwenye betri bapa ya duara kama ya saa, iliyofungiwa ndani. Kaseti ya kwanza ya The Legend of Zelda kwa NES, mwaka 1987, ilitumia njia hiyohiyo. Yako imewahi kuchoka kwa sababu mbali na kutunza kumbukumbu ilikuwa inaendesha saa, ile inayobadilisha usiku na mchana ndani ya mchezo, hata konsoli ikiwa kabatini.

Betri hubadilishwa na fundi wa redio anayejua kutumia risasi ya kuchomelea, kwa maana imechomelewa na haichomoki kwa mkono. Usikubali afunge mpya kwa gundi ya karatasi. Nimefungua kaseti kadhaa nikakuta kazi ya aina hiyo, betri inacheza kama jino bovu. Mchezo wako utawaka na kuhifadhi kama zamani, ila wale viumbe uliokuwa umewakamata wamekwenda. Mwenye kaseti ambayo betri yake bado inapumua aziwahi kumbukumbu zake kabla ya kuibadilisha, kwani vipo vifaa vidogo vinavyoichomeka kaseti kwenye kompyuta na kunakili kilichomo.

Swali: Konsoli yangu ilikuwa ya kijivu, sasa ina rangi ya meno ya mvutaji. Sabuni haisaidii.

Haiwezi kusaidia, kwa kuwa si uchafu. Ni plastiki yenyewe iliyobadilika kutokana na mwanga na joto, na mara nyingi hulaumiwa ile kemikali ya bromini iliyochanganywa ili isishike moto upesi. Wapo wanaoipaka haidrojeni peroksaidi na kuianika juani mpaka weupe urudi, lakini manjano huweza kurejea, na mkono usio na uzoefu huacha mabaka. Mimi yangu nimeiacha ilivyo.

Swali: Je, kucheza kwa emuleta ni wizi?

Programu ya emuleta yenyewe, inayoifanya kompyuta au simu ijifanye konsoli, si kosa kwa kuwepo kwake tu. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliwahi kuiunga mkono kampuni ya Connectix dhidi ya Sony mwaka 2000 katika shauri la emuleta ya PlayStation, konsoli ya Sony. Nakala ya mchezo ndiyo yenye mwenyewe, na kuupakua bure mchezo ambao bado unauzwa ni kumdhulumu. Sheria za kunakili kaseti uliyoinunua mwenyewe hutofautiana baina ya nchi na nchi.

Ugumu uko kwingine. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilichunguza michezo ya zamani iliyotolewa Marekani, likakuta asilimia 87 haiuzwi tena na wenye haki. Mwenye haki haiuzi, wakati mwingine hata hakumbuki kwamba ni yake, huku kaseti zilizobaki zikioza. Ninaheshimu haki ya mtunzi, lakini siwezi kumwita mwizi yule anayeuhifadhi mchezo ambao mwenyewe ameutupa.

Swali: Nilitafuta konsoli ya utotoni kwa miezi sita. Nilipoipata, nilicheza nusu saa nikachoka. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ila nina shaka kama konsoli ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Neno nostalgia lilibuniwa mwaka 1688 na mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurejea nyumbani na maumivu, ili kuutaja ugonjwa wa Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Tangu mwanzo, basi, neno lenyewe lilihusu mahali na watu. Wataalamu wa kumbukumbu nao wameonyesha kwamba mtu mzima hukumbuka zaidi mambo ya kuanzia takriban umri wa miaka 10 hadi 30 kuliko ya vipindi vingine, na mchezo wowote ulioangukia humo utang'aa kuliko ulivyokuwa.

Jaribu kukumbuka ilivyokuwa kwa kweli. Pedi zilikuwa mbili na watoto watano. Aliyekufa alitoa pedi, na akachelewa kuitoa kwa kisingizio kwamba kitufe kimekwama. Mdogo kuliko wote alipewa pedi isiyochomekwa, akacheza kwa furaha asijue. Muda mwingi hukucheza, ulikuwa unatazama, unashauri, unadai zamu yako. Sasa umekaa peke yako na zamu zote ni zako, nawe unashangaa kwamba haina ladha. Kabla ya kuiuza, mwite mmoja wa wale watano, hata kama kwa sasa mna mazungumzo ya sikukuu tu, na mchague mchezo wa watu wawili.

Swali: Kaka yangu amefariki. Nimeikuta memori kadi yake ya PlayStation, nami naogopa kuichomeka nisije nikaiharibu. Yaliyomo yatakuwa bado yapo?

Pole sana, ndugu yangu. Uwezekano ni mzuri. Tofauti na kaseti niliyoieleza hapo juu, kadi ya PlayStation ya kwanza haitegemei betri. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 128 iliyogawanywa katika vyumba 15, na hubaki na maandishi yake bila umeme. Haina uhai wa milele, kwa hiyo usingoje miaka mingine. Kuichomeka hakuifuti.

Iwashe konsoli bila diski. Itafunguka menyu yenye sehemu ya kadi, na humo kila faili lina kipicha chake kidogo, vingine vikichezacheza. Ukiulizwa kama unataka kuifomati, kataa, hata kama mashine inadai haiisomi. Izime, safisha meno ya kadi kwa kijiti na alkoholi, ujaribu tena. Ikisomeka, viandike vipicha vyote kwenye karatasi kabla hujagusa kitu, kisha tafuta kifaa cha kunakili kadi kwenda kwenye kompyuta, uweke nakala mahali pawili. Baada ya hapo ndipo ufungue faili moja kwa mchezo wake. Utakuta jina alilojiandikia, saa alizocheza, na pale alipoishia. Ukiamua kuendelea kutoka hapo, hifadhi katika chumba kingine, cha kwake ukiache.