Kuuza ya Kiamunyi, kupanga mjini?

Mama, umeuliza kama wewe na mzee muuze nyumba ya Kiamunyi mkapange karibu na mjini Nakuru, maana ngazi zimewashinda na watoto wote wako Nairobi. Mimi ningesita. Wazazi wangu waliuza yao ya Lanet, wakapanga mtaa wa Section 58, huko huko Nakuru. Mwaka wa kwanza raha tupu, duka hapo chini, kanisa kwa miguu. Wa pili kodi ikapanda. Wa tatu mwenye nyumba akaitaka, mwanawe anaoa. Baba, miaka 74, akaketi sakafuni akifunga vikombe kwa magazeti, kimoja kimoja, kimya.

Mkiuza, ridhaa yako kama mke lazima iwepo, hata kama hati ina jina la mzee peke yake. Ile kodi ya KRA (mamlaka ya mapato) ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu 2023, haiwagusi mkiwa mmeishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza. Kwa hiyo mkihama kwanza mkaipangisha ili kujaribu maisha ya mjini, ulizeni wakili: huenda mkaupoteza msamaha huo.

Na hizo ngazi, je, chumba cha chini hakitoshi kitanda? Wageni ndio walale juu.